Mencía ya Bierzo: Mwongozo Kamili wa Kuuchagua, Kuupoza, Kuumimina na Kuuonja Mvinyo Huu Mkavu wa Hispania

Ukitaja mvinyo mwekundu wa Hispania, wengi wanafikiria Rioja: zabibu ya Tempranillo, harufu ya pipa, chupa inayopatikana karibu kila duka kubwa. Rioja inastahili jina lake. Lakini kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, ndani ya mkoa wa León na jirani kabisa na Galicia, kuna bonde lililozungushwa milima linaloitwa Bierzo. Humo inalimwa zabibu nyeusi ya kienyeji, Mencía, inayotoa mvinyo mkavu wenye harufu nyingi kuliko uzito. Kwa mtu anayeanza kuzoea mvinyo usio na sukari, sijui mwalimu mpole kuliko huu.

Tatizo ni namna unavyoandaliwa. Chupa inakaa rafuni kwenye joto la mchana, inafunguliwa, inamiminwa hadi karibu na ukingo wa glasi, na mnywaji anakutana na pombe kali na ukakasi. Anahitimisha kwamba mvinyo mkavu si wake. Dawa ya tatizo hilo ni friji ya kawaida, glasi inayofaa na subira ya nusu saa, na ndiyo maana hatua zilizo hapa chini nimezieleza kwa kina.

Mwongozo huu ni wa anayekunywa na pia wa anayewahudumia wanaokunywa. Kuna wahudumu wengi hodari wa hoteli na migahawa ambao wenyewe hawanywi, kwa dini au kwa hiari yao. Karibu kila kitu nitakachoeleza wanaweza kukifanya kwa macho, pua na kipimajoto bila kugusisha tone ulimini.

Hatua ya 1: Ijue zabibu na kwao

Mji mkubwa wa Bierzo ni Ponferrada. Magharibi yake wapo Cacabelos na Villafranca del Bierzo, miji midogo iliyo kwenye njia ya mahujaji waendao Santiago de Compostela. Mto Sil unakata bonde ukielekea Galicia. Warumi walichimba dhahabu hapa kwa kuuporomosha mlima kwa nguvu za maji, na makovu ya kazi hiyo, Las Médulas, yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1997.

Kilicho muhimu kwa mnywaji ni hali ya hewa. Mawingu ya Atlantiki yanafika yakiwa na mvua na ubaridi, lakini milima inayazuia yasilemee. Kiangazi kina joto la kutosha kuivisha zabibu, na usiku unapoa. Kwa hiyo mvinyo wa hapa una matunda yaliyoiva bila kupoteza uchangamfu.

Kwa muda mrefu watu walisimulia kwamba Mencía ililetwa na mahujaji au watawa kutoka Ufaransa, na kwamba ni ndugu wa Cabernet Franc, zabibu nyeusi ya Kifaransa. Hadithi ilikuwa na mashiko, kwa sababu watawa wa Kifaransa walikuwa na makao yao Villafranca katika Zama za Kati, na harufu ya zabibu hizi mbili hukaribiana kidogo. Vipimo vya vinasaba viliikata. Mencía ni zabibu ya Iberia, mzao wa Alfrocheiro na Patorra, na ndiyo ile ile ambayo Wareno wa eneo la Dão huiita Jaen. Kama duka lako halina Bierzo lakini lina Jaen ya Dão, umeshika zabibu hiyo hiyo iliyokulia upande wa pili wa mpaka.

Mwishoni mwa karne ya 19 mdudu aitwaye filoksera aliangamiza mizabibu ya Bierzo kama alivyofanya sehemu nyingi za Ulaya. Mashamba yalipopandwa upya, mizabibu mingi ilishuka kwenye ardhi tambarare yenye rutuba, ambako mavuno ni makubwa na kazi ni rahisi. Mencía ikapata sifa ya kuwa mvinyo mwepesi wa kunywewa ndani ya mwaka, usio na la kukumbukwa. Mwaka 1989 eneo lilipata hadhi rasmi ya asili, yaani Denominación de Origen, lakini dunia haikugeuka kulitazama hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Wakati huo Álvaro Palacios, aliyekwisha kujijengea jina Priorat, eneo la mvinyo la kaskazini-mashariki mwa Hispania, alianza kazi na mpwa wake Ricardo Pérez Palacios kwenye miteremko ya kijiji cha Corullón. Kampuni yao waliiita Descendientes de J. Palacios kwa heshima ya José, baba wa mmoja na babu wa mwingine. Katika kijiji cha Valtuille de Abajo, Raúl Pérez, mtoto wa familia ya watengenezaji wa mvinyo wa hapo hapo, alionyesha pia kwamba mizabibu mikongwe ya wazee ilikuwa hazina iliyokuwa ikiuzwa kwa bei ya chini mno.

Hatua ya 2: Tofautisha bonde na mteremko

Ukielewa hatua hii, nusu ya ununuzi umeimaliza.

Ardhi ya chini ya Bierzo ina mfinyanzi, mchanga na mawe ya mtoni. Udongo una kina, unashika maji, na mzabibu haupati taabu. Mvinyo wake huwa wa duara mdomoni, laini, wenye matunda mengi ya wazi: forosadi, cheri, zambarau iliyoiva. Unapendeza mapema. Ukiwa na umri wa mwaka mmoja hadi mitatu ndipo unapokuwa na furaha yake kamili.

Miteremko ni habari nyingine. Corullón na vijiji vya juu vina sleti, lile jiwe jeusi linalochanika katika tabaka nyembamba, huku udongo wenyewe ukiwa haba. Mizizi inajipenyeza kwenye nyufa kutafuta maji. Mashada ni machache na punje ni ndogo, hivyo maganda ni mengi ukilinganisha na maji ya tunda. Kwa kuwa rangi, harufu na tanini, yaani kile kinacholeta ukakasi mdomoni, vimo ndani ya ganda, mvinyo unatoka na uti wa mgongo. Matunda bado yapo, lakini yameongezewa harufu ya maua, majani makavu, pilipili manga, na kitu kinachokumbusha jiwe lililonyeshewa. Huu huvumilia miaka kumi na zaidi chini ya kizibo.

Kuna jambo la tatu, nalo ni umri wa mizabibu. Bierzo ina mashamba mengi ya mizabibu yenye miaka 60, 80, hata zaidi ya 100, iliyopogolewa kama vichaka vifupi bila waya. Mashamba yenyewe ni vipande vidogo vidogo, kwa sababu kila kizazi kiligawana urithi na watoto wakagawana tena. Mtu anayetoka Kilimanjaro au Kisii hahitaji maelezo zaidi kuhusu hilo. Udogo huo uliwazuia watu kung'oa mizabibu na kupanda upya kwa trekta, na bila kukusudia ukaihifadhi. Ndani ya shamba moja la kale utakuta Mencía imechanganyika na mizabibu michache ya Alicante Bouschet, ambayo hata nyama yake ya ndani ni nyekundu, pamoja na zabibu nyeupe kama Doña Blanca, Palomino na Godello. Wazee walivuna vyote kwa pamoja, na baadhi ya mivinyo bora ya leo bado inafanywa hivyo.

Mencía ina udhaifu ambao mkulima lazima aujue. Ikikaribia kuiva, sukari yake hupanda haraka na uchachu hushuka haraka. Akichelewa siku chache, mvinyo unakuwa na pombe nyingi na ladha iliyolegea kama jemu. Akiwahi mno, unabaki na harufu ya majani mabichi. Ndiyo maana jina la mzalishaji lina uzito kuliko mwaka wa mavuno.

Hatua ya 3: Soma lebo mbele na nyuma

Tafuta kwanza maneno Bierzo na Denominación de Origen. Nyuma ya chupa kuna muhuri wa baraza la usimamizi wenye namba yake. Usipouona, uliza.

Neno Mencía huandikwa mara nyingi, ingawa si lazima. Ukiliagiza mgahawani, tamka "Menthía" kwa th ya thamani, na mkazo kwenye thi. Bierzo nayo ni "Bierth-o", th ile ile. Waswahili sauti hiyo tunayo, hivyo tusione haya.

Neno tinto maana yake ni mwekundu. Seco, yaani mkavu, huenda usilione kwenye chupa nyekundu kwa sababu ukavu unachukuliwa kuwa ndiyo kawaida. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, mvinyo ni mkavu ukibaki na sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, na kiwango hicho kinaweza kufika 9 pale uchachu unapokuwa juu vya kutosha kukisawazisha. Hamira imekula sukari karibu yote na kuigeuza pombe. Kwa hiyo utamu utakaouhisi kwenye Mencía nzuri ni wa harufu ya matunda, si wa sukari, na aliyezoea mvinyo mtamu wa Dodoma anahitaji kulijua hilo kabla ya kunywa funda la kwanza.

Kisha angalia umri na pipa. Joven ni mvinyo mchanga usiokaa kwenye pipa, au uliopita kidogo tu. Roble umekaa kwenye pipa kwa miezi michache. Crianza umetunzwa angalau miezi 24, na 6 kati ya hiyo ndani ya pipa. Reserva ni miezi 36, angalau 12 kwenye pipa. Mwaka wa mavuno huandikwa kwa tarakimu, wakati mwingine ukitanguliwa na cosecha au añada.

Kwa Mencía, maneno haya ya umri hayakwambii ubora. Pipa jipya likizidi linafunika maua na kuacha vanila na moshi, ladha ambazo ungezipata kwenye mvinyo wowote. Wazalishaji wengi ninaowaheshimu hutumia mapipa yaliyokwisha kutumika, au matangi makubwa ya mbao, na wala hawaandiki crianza popote.

Maneno yanayofaa kufuatwa ni yale ya mahali. Tangu 2017 Bierzo ilipitisha ngazi za ardhi. Vino de Villa ni mvinyo wa kijiji kimoja. Vino de Paraje ni wa eneo dogo lenye jina ndani ya kijiji. Juu yake ipo Viña Clasificada, shamba moja lililothibitishwa, na kileleni Gran Viña Clasificada. Kadiri unavyopanda ngazi, ndivyo kiasi cha zabibu kinachoruhusiwa kuvunwa kwa hekta kinavyopungua. Ukiona jina la kijiji kama Corullón au Valtuille kwenye lebo, una chupa yenye anwani. Viñas viejas maana yake ni mizabibu mikongwe, lakini pima neno hilo kwa sifa ya mzalishaji.

Angalia pia asilimia ya pombe. Mencía nyingi ziko kati ya 13 na 14.5. Kwa nchi za joto mimi huchagua zile za 13 hadi 13.5, kwa sababu pombe inapanda puani haraka hewa ikiwa ya moto.

Hatua ya 4: Nunua kwa mpangilio

Usianze na chupa ya bei. Anza na joven ya mzalishaji mwaminifu ili ujue sura ya zabibu ikiwa haijavaa pipa. Hispania kwenyewe nyingi huuzwa chini ya euro 10. Zikisafirishwa na kulipiwa ushuru, bei inaweza kupanda mara mbili na zaidi, kwa hiyo aliyeko Ulaya ana nafasi nzuri kuliko aliyeko Dar es Salaam au Nairobi.

Chupa ya pili iwe Pétalos del Bierzo ya Descendientes de J. Palacios, ambayo ndiyo inayosafiri mbali zaidi na kupatikana kwa wingi, au mvinyo wa kati wa Dominio de Tares, Losada, Peique au Castro Ventosa. Hapo utakuta mizabibu mikongwe na mkono mwepesi wa pipa. Mivinyo ya mashamba mahususi kama Moncerbal, Las Lamas au La Faraona iache hadi ulimi wako uwe na kumbukumbu ya kuilinganisha. Ni ghali, na La Faraona hutoka kidogo sana.

Dukani, kabla ya kulipa, tazama namna chupa ilivyotunzwa. Iliyosimama dirishani kwenye jua iache hapo hapo. Kizibo kilichojitokeza nje ya mdomo, au alama za mvinyo uliovuja chini ya kifuniko cha plastiki, ni dalili kwamba chupa ilipata joto kali, labda kwenye kontena. Ukinunua joven, chukua ya mavuno ya karibuni. Joven ya miaka sita iliyopunguzwa bei haijawa bora, imechoka.

Hatua ya 5: Upoze

Kanuni kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba ilitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, ambako chumba kilikuwa na nyuzijoto 16 au 17. Sebule ya Mombasa mwezi wa Februari ina 30. Kwa joto hilo pombe inatawala, matunda yanachujuka, na Mencía inaumia kuliko Cabernet kwa kuwa haina mwili mzito wa kujificha nyuma yake.

Lenga nyuzijoto 14 kwa joven, na 15 hadi 16 kwa mvinyo wa mteremko au uliokaa kwenye pipa. Kwa chupa iliyokuwa kwenye chumba cha nyuzijoto 28 hadi 30, iweke kwenye friji ya kawaida saa moja na nusu hivi. Kama una haraka, jaza ndoo barafu na maji nusu kwa nusu na uzamishe chupa hadi shingoni kwa dakika 12 hadi 15. Barafu peke yake haifanyi kazi vizuri, maana inagusa chupa sehemu chache tu na hewa iliyo katikati haipitishi ubaridi. Maji ndiyo yanayonyonya joto pande zote.

Usitumie friza. Utaisahau, na mvinyo ukiganda unasukuma kizibo nje.

Usipoze kupita kiasi pia. Chini ya nyuzijoto 12 harufu zinafunga na tanini zinakuwa kali. Ukiushika mvinyo na kuhisi umepoa mno, mimina na uache glasi dakika kumi. Mezani joto lake litapanda lenyewe, kwa hiyo ni salama kuanza na nyuzi mbili chini ya lengo. Usiku wa joto, rudisha chupa kwenye maji ya baridi kila baada ya kumimina.

Hatua ya 6: Fungua na uupe hewa

Kata kifuniko chini ya ukingo wa mdomo wa chupa, si juu yake, ili mvinyo usipite kwenye makali. Futa. Ingiza kizibuo katikati ya kizibo, zungusha hadi ubaki mzunguko mmoja, kisha vuta taratibu. Kizibo cha mvinyo wa zamani kikikatika, usikisukume ndani mara moja. Jaribu tena kwa mshazari, na ukishindwa ndipo uchuje kwa kichujio safi cha chai.

Nusa mvinyo kwenye glasi kabla ya kumpa mgeni. Harufu ya boksi lililolowa au kitambaa chenye ukungu inamaanisha kizibo kimeuharibu mvinyo. Haiondoki kwa hewa, rudisha chupa. Harufu ya siki nayo haina tiba. Lakini harufu ya kiberiti kilichowashwa, au mpira, ni jambo tofauti. Mencía hutoka hivyo mara kwa mara, hasa ile iliyotengenezwa kwa kuzuia hewa, na wageni wengi huikataa bila sababu. Zungusha glasi kwa nguvu, subiri dakika chache, unuse tena. Kwa kawaida inakuwa imepotea.

Joven haihitaji jagi. Mvinyo wa mteremko wenye chini ya miaka mitano unanufaika sana ukimiminwa kwenye jagi la kioo lenye tumbo pana na kuachwa dakika 30 hadi 45, jagi likiwa mahali pa baridi. Wenye miaka kumi na zaidi simamisha chupa tangu jana yake ili mashapo yatulie chini, kisha mimina polepole mbele ya taa na usimame mashapo yanapofika shingoni. Huo wa kale usiuache kwenye jagi muda mrefu, kwani harufu zake ni dhaifu na huruka.

Hatua ya 7: Mimina na uonje

Glasi iwe na tumbo na mdomo unaobana kidogo. Jaza theluthi moja tu, mililita 125 hadi 150. Nafasi iliyobaki ni ya harufu, na kwa Mencía harufu ndiyo uliyolipia. Chupa moja inatosha glasi tano hadi sita. Glasi ya mililita 150 yenye asilimia 13.5 ina takriban gramu 16 za pombe halisi, hesabu ya kukumbukwa na kila mwenye funguo za gari mfukoni.

Inamisha glasi juu ya kitu cheupe. Ikiwa changa, rangi ni nyekundu yenye zambarau pembezoni. Ikizeeka, ukingo huelekea rangi ya tofali. Nusa kabla ya kuzungusha, kisha zungusha na unuse tena. Mara ya kwanza huja matunda, yaani forosadi, cheri, komamanga. Mara ya pili huja maua, pilipili manga, majani.

Kunywa funda dogo na ulizungushe mdomoni. Kitu cha kwanza kinachochanganya watu kwenye mvinyo mkavu ni tofauti ya uchachu na ukakasi. Uchachu unaleta mate pembeni mwa ulimi. Ukakasi unakausha fizi na mashavu, kama ulivyohisi ulipong'ata bibo ambalo halijaiva sawasawa, na hiyo ndiyo kazi ya tanini. Mencía ya bondeni ina ukakasi kidogo, unaopita haraka. Ya mteremko inashika zaidi, lakini iwe laini kama unga mwembamba, isikwaruze. Ikikwaruza, subiri, au lete chakula.

Meza, kisha hesabu kimoyomoyo. Ladha ikikatika kabla ya tano, una mvinyo wa kawaida. Ikiendelea kupita kumi huku ikibadilika, una mvinyo mzuri. Anayeonja kwa kazi ateme, na hakuna adabu inayovunjwa hapo.

Hatua ya 8: Ule na nini

Kwao unaliwa na botillo, nyama ya nguruwe yenye mifupa, mbavu na mkia, iliyokolezwa vitunguu saumu na paprika, ikashindiliwa ndani ya utumbo, ikafukizwa moshi na kuchemshwa na viazi na kabichi. Ni chakula cha baridi kali. Pilipili hoho za Bierzo zilizochomwa, zikamenywa na kumwagiwa mafuta ya zeituni, pia huenda nao vizuri mno, na kwa asiyekula nguruwe hilo ndilo somo la kubeba: Mencía inapenda moshi, chumvi na utamu wa mboga iliyochomwa.

Ukifuata mantiki hiyo jikoni kwetu, mishkaki na mbuzi wa kuchoma vinakubali mara moja. Kuku wa kuchoma kwa makaa anaendana na joven iliyopoa. Maharage yaliyoungwa kwa kitunguu kilichokaangwa hadi kugeuka kahawia ni mechi nzuri ambayo watu hawaifikirii. Biringanya la kuchoma nalo ni hivyo hivyo. Jodari aliyechomwa haraka, ndani bado mwekundu, anaweza kukaa na mvinyo huu kwa kuwa tanini zake si nyingi.

Kuwa mwangalifu na pilipili kali. Pombe na tanini huongeza moto wake, na mvinyo unaonekana mchungu. Mchuzi mzito wa nazi nao unafunika harufu, bora umpe mgeni mvinyo mweupe. Na usiuweke karibu na kitindamlo. Kitu chenye sukari kinafanya mvinyo mkavu uonekane siki tupu.

Hatua ya 9: Weka chupa mbili pamoja

Hili ni zoezi linalofundisha kuliko maelezo yote ya lebo. Nunua chupa mbili za mwaka unaokaribiana: moja ya bonde, moja ya kijiji cha mteremko. Zote zifikishwe nyuzijoto 15. Alikeni watu wanne au watano mchangie gharama. Mimina glasi mbili mbili bila kuonyesha lebo na kila mtu aandike anachohisi kabla ya kusikia ya mwenzake. Kisha rudieni baada ya saa moja. Mara nyingi ya bonde inapendwa zaidi mwanzoni, na ya mteremko inaanza kusema ikishapata hewa.

Mkishazoea, ongezeni chupa ya Ribeira Sacra. Ni eneo la Galicia lililopata hadhi yake 1996, ambako Mencía imepandwa kwenye matuta yaliyojengwa kwa mawe juu ya kingo kali za mito Sil na Miño. Kuvuna huko ni kazi ya mabega na magoti, na baadhi ya masanduku hushushwa kwa reli ndogo. Mvinyo wake kwa kawaida ni mwembamba kuliko wa Bierzo, wenye uchachu zaidi na rangi nyepesi. Ukiweka na Jaen ya Dão mezani, utakuwa na zabibu moja kwenye ardhi tatu, na hapo ndipo utaelewa kwa nini watu wa Bierzo wamejisumbua kuainisha mashamba yao moja moja.

Hatua ya 10: Hifadhi

Kilichobaki kirudishie kizibo na ukiweke kwenye friji, chupa ikiwa wima. Joven hudumu siku mbili, wa mteremko siku tatu hadi nne, na wakati mwingine siku ya pili huwa bora kuliko ya kwanza. Utoe friji dakika 20 kabla ya kunywa. Uliozidi hapo upike nao nyama ya ng'ombe, usiwape wageni.

Chupa ambazo hazijafunguliwa zilaze ili kizibo kisikauke, gizani, mbali na jiko na mashine ya kufulia. Kinachoua mvinyo ni joto la kupanda na kushuka kila siku. Kama nyumba yako haina mahali pa kubaki chini ya nyuzijoto 20 mwaka mzima, usinunue Mencía ya kuzeesha. Nunua za kunywa ndani ya miezi mitatu minne, na zikae rafu ya chini ya friji hadi siku yake.